UZI: Matone mawili ya bureti yanavyoiyumbisha konstanti ya msawazo

Bureti50 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Ripoti nyingi za maabara kuhusu konstanti ya msawazo (K, namba inayoonyesha mmenyuko wa pande mbili unatulia wapi) huishia na sentensi hii: "Tofauti imetokana na makosa ya kibinadamu wakati wa titresheni." Sentensi hiyo haimwambii msomaji kitu. Titresheni ni kupima kitu kwa kudondosha myeyusho wa nguvu inayojulikana kutoka kwenye bureti mpaka kiashiria kibadilike rangi, na hapo ndipo kikomo. Kosa lake lina ukubwa wake na lina upande linakoelekea. Ukipitiliza kikomo, K itapanda au itashuka, haiwezi kufanya yote mawili, na kiasi itakachohama kinakokotoleka kwa kalamu na karatasi. Ndiyo kazi ninayotaka tuifanye kwenye uzi huu, kwa namba.

Tuanze na jaribio kongwe la somo lenyewe. Mwaka 1862, Berthelot na Péan de Saint-Gilles wa Ufaransa walionyesha kwamba ukichanganya moli 1 ya asidi asetiki na moli 1 ya ethanoli, mmenyuko haufiki mwisho. Unatulia pale theluthi mbili za asidi zinapokuwa zimegeuka esta (ethili asetati) na maji. Miaka miwili baadaye Guldberg na Waage wa Norwe waliitumia kazi hiyo walipokuwa wakijenga kanuni ambayo leo tunaiandika kama K. Kwa mchanganyiko huo:

K = (0.667 × 0.667) ÷ (0.333 × 0.333) = 4

Juu ya mstari ni esta na maji, chini ni asidi na ethanoli. Kitu kimoja tu kati ya hivyo vinne kinapimwa kwa bureti, nacho ni asidi iliyobaki. Vingine vitatu unavipata kwa kutoa na kulinganisha.

Sasa chukulia usomaji wako wa bureti umezidi kwa asilimia 1. Asidi iliyobaki utaiandika 0.3367. Ethanoli nayo utaiandika 0.3367, kwa sababu unaamini zimepungua sawasawa. Esta itakuwa 1 − 0.3367 = 0.6633, na maji vilevile. K mpya ni (0.6633 ÷ 0.3367)², yaani 3.88. Limeingia kosa la asilimia 1, limetoka la asilimia 3.

Sababu ni kwamba usomaji mmoja umeingia kwenye fomula mara nne. Umeongeza vya chini vyote viwili na umepunguza vya juu vyote viwili, na hakuna kilichofidia kingine, kwa maana vyote vinne vimeisukuma K upande mmoja.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza kabla hujaandika "makosa ya kibinadamu" ni hili: namba niliyoisoma kwenye bureti inaingia mara ngapi kwenye fomula yangu, na kila inapoingia inasukuma wapi?

---

Bureti50

Naendelea. Mfano wa juu ni safi mno. Maabara nyingi hulifanya jaribio hili kwa njia nyingine: unaweka ethili asetati na asidi hidrokloriki (HCl) kwenye chupa, unaifunga vizuri, unaiacha kwa siku kadhaa ifikie msawazo, kisha unapima asidi yote kwa NaOH (sodiamu haidroksidi, alkali). Hapo HCl ni kichocheo tu, lakini NaOH haichagui. Inaila HCl pamoja na asidi asetiki. Ndiyo maana kuna chupa ya pili yenye HCl peke yake, ambayo usomaji wake unatolewa.

Namba zangu ni hizi. HCl ya 3 mol/L, mL 5.00, yaani milimoli 15.00. Ethili asetati mL 5.00, yaani milimoli 51.1. Maji yaliyomo ndani ya hiyo HCl ni takriban milimoli 261. NaOH ni 1.00 mol/L. Chupa ya HCl peke yake inasoma mL 15.00, chupa ya mchanganyiko inasoma mL 47.55. Asidi asetiki iliyozaliwa ni 47.55 − 15.00 = milimoli 32.55, na ethanoli ni hiyohiyo. Esta iliyobaki ni 51.1 − 32.55 = 18.55. Maji ni 261 − 32.55 = 228.45.

K = (18.55 × 228.45) ÷ (32.55 × 32.55) = 4.00

Pitiliza kikomo kwa mL 0.30 kwenye chupa ya mchanganyiko tu. Ukitazama usomaji wa 47.85 badala ya 47.55 utaona kosa dogo kuliko asilimia 1. Lakini asidi asetiki inakuwa 32.85, esta 18.25, maji 228.15, na K inashuka hadi 3.86. Asilimia 0.6 kwenye bureti imekuwa asilimia 3.5 kwenye K.

Lililo kubwa zaidi halipo kwenye rangi wala kwenye macho ya msomaji. Liko kwenye chupa ya NaOH. Tuseme lebo inasema 1.00 lakini nguvu yake halisi ni 0.98. Chupa zote mbili zitasoma juu kidogo: 15.31 na 48.52. Tofauti yake ni 33.21, nawe utaiandika kuwa milimoli 33.21. Esta inabaki 17.89, maji 227.79, na K ni 3.69. Hapo umetitreti vizuri kabisa, rangi ya waridi hafifu kila mara, usomaji unaolingana kila mara, na bado umekosa kwa karibu asilimia 8.

Angalieni jambo moja hapa, maana tutalirudia. Kosa la NaOH limeumiza kwa sababu esta ya mwanzo, milimoli 51.1, haikupimwa kwa NaOH. Ilipimwa kwa pipeti na msongamano. Kipimo kimoja kimepungukiwa nguvu, kingine kiko sawa, na sisi tumetoa kimoja kutoka kwa kingine. Kama kila kitu kwenye fomula kingepimwa kwa NaOH ileile na K ikawa uwiano tupu, nguvu ya NaOH ingejifuta yenyewe.

---

Fundi_Maabara

Mwalimu, nashukuru kwa uzi. Naongeza la mikononi kwa vijana wanaofanya jaribio hilo la esta.

Ukifika kwenye waridi, waridi hiyo itafifia. Usiifukuze. Wengi wanaona rangi imepotea, wanaongeza tone, inarudi, inapotea tena, wanaongeza tone jingine, mpaka wamemwaga nusu mililita bila sababu. Kinachotokea ni kwamba mara tu unapopita kikomo, myeyusho umekuwa wa alkali, na alkali inaivunja esta iliyobaki na kutoa asidi mpya. Unapima asidi ambayo haikuwepo kwenye msawazo, umeitengeneza wewe mwenyewe kwa NaOH. Kabonidioksidi ya hewani nayo inachangia kuififisha. Fanya hivi: fika karibu na kikomo haraka huku ukizungusha chupa, malizia kwa matone, rangi ikidumu kama nusu dakika, soma na uandike. Ikififia baada ya hapo, iache.

Mwelekeo wake ni upi? Kufukuza rangi kunaongeza usomaji wa mchanganyiko, hakugusi usomaji wa HCl peke yake kwa sababu mle hamna esta. Kwa hiyo kosa lote linaangukia asidi asetiki, na K inashuka. Kwa namba za mwalimu, kila mL 0.10 iliyofukuzwa inaondoa takriban 0.05 kwenye K.

La pili ni NaOH iliyokaa wazi. Inanyonya kabonidioksidi na sehemu yake inageuka kuwa kaboneti ya sodiamu. Ukitumia fenolfthalini (kiashiria cha ile waridi), kaboneti hiyo inapokea ayoni moja tu ya haidrojeni badala ya mbili, kwa hiyo NaOH yako inaonekana dhaifu. Ukitumia methili oranji, kiashiria kingine, inapokea zote mbili, na nguvu inaonekana ileile ya zamani. Ndiyo maana NaOH isanifishwe upya (yaani nguvu yake halisi ipimwe) karibu na siku ya kazi, na isanifishwe kwa kiashiria kilekile utakachotumia kwenye jaribio. Ukisanifisha kwa kimoja na kupima kwa kingine, utakuwa na nguvu mbili tofauti kwenye chupa moja na hutajua.

---

Salha_S

Kuhusu viashiria, naomba niulize. Ikiwa hakuna fenolfthalini na mtu akatumia methili oranji kwenye jaribio hilo la esta, kosa linakuwa kubwa kiasi gani? Nimeona mahali wanasema kiashiria ni "upendeleo".

---

Bureti50

Dada Salha, kwa asidi kali na alkali kali kweli unaweza kuchagua, kwa sababu pH inaruka ghafla na kuvipita viashiria vyote viwili ndani ya tone moja au mawili. Kwa asidi asetiki haiwezekani. Methili oranji inamaliza kubadilika kwenye pH ya 4.4 hivi. pKa ya asidi asetiki, yaani pH ambapo nusu yake imekwisha kuliwa na alkali, ni 4.76. Kwenye pH 4.4, sehemu ya asidi asetiki iliyokwisha kudhoofishwa (kuliwa na NaOH) ni asilimia 30 tu. HCl yote imekwisha, lakini asilimia 70 ya asidi uliyokuja kuipima bado imo kwenye chupa, na rangi inakwambia kazi imeisha.

Tuipitishe kwenye fomula. Badala ya milimoli 32.55 utaandika kama 9.9. Esta itakuwa 41.2, maji 251.1, na K itazidi 100. Kutoka 4 hadi zaidi ya 100. Kwa hiyo mtu akileta K ya namna hiyo, simwulizi kama mkono ulitetemeka, namwuliza alitumia kiashiria gani. Kosa kubwa huwa na sura yake, na ukishaizoea sura hiyo unalitambua kwa kutazama jibu tu.

---

NuruK

Wakuu, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, na tatizo langu ni la kalsiamu haidroksidi. Tulitengeneza myeyusho uliokolea kabisa, tukachuja, tukachukua mL 25.00 na kuupima kwa HCl ya 0.100 mol/L. Wastani wetu ni mL 11.25. Nimepata ukolezo wa haidroksidi, [OH⁻] = 0.0450, na Ksp (konstanti ya msawazo ya kuyeyuka) = 4.6 × 10⁻⁵. Kitabu kinasema takriban 5 × 10⁻⁶. Nimekosea mara tisa! Kwenye ripoti nimeandika kwamba tulipitiliza kikomo na kwamba huenda chembe zilipita kwenye karatasi ya kuchujia. Je, inatosha?

---

Bureti50

Marahaba Nuru. Haitoshi, lakini swali lako ni zuri kuliko yote yaliyoulizwa hapa, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwanza fomula. Ksp = [Ca²⁺][OH⁻]², na kalsiamu ni nusu ya haidroksidi, kwa hiyo Ksp = [OH⁻]³ ÷ 2. Usomaji wa bureti unaingia ukiwa umepandishwa kipeo cha tatu. Kosa la asilimia 1 linakuwa la asilimia 3. Matone mawili, mL 0.10, kwenye 11.25 ni asilimia 0.9, yaani karibu asilimia 2.7 ya Ksp. Haya ndiyo makosa ya titresheni ya kweli kwa mtu aliyefanya kazi kwa uangalifu.

Sasa igeuze hesabu. Badala ya kuuliza kosa langu limezaa nini, uliza: ili nipate 5 × 10⁻⁶ ya kitabu, bureti ilipaswa kusoma ngapi? [OH⁻] ingekuwa kipeuo cha tatu cha 1.0 × 10⁻⁵, yaani 0.0215. Kwa mL 25.00 na HCl ya 0.100, hiyo ni mL 5.39.

Wewe ulisoma 11.25. Je, inawezekana mlipitiliza kikomo kwa karibu mL 6, kila mara, wote, na usomaji ukawa unalingana? Haiwezekani. Chembe zilizopita kwenye karatasi zinapandisha usomaji, hilo ni kweli, kwa sababu zinayeyuka kadiri asidi inavyoingia. Lakini zingekuwa nyingi kiasi hicho mngeona myeyusho ni maziwa, na usomaji ungetofautiana sana kati ya mara na mara. Kwa hiyo titresheni haina hatia hapa. Umeishitaki bila ushahidi.

Tena 0.0450 yako inalingana na umumunyifu unaojulikana wa kalsiamu haidroksidi, takriban gramu 1.7 kwa lita. Gawanya kwa 74.1 upate 0.023 mol/L, zidisha mara mbili, na uko hapohapo. Kipimo chako ni kizuri.

Tofauti iko kwenye maana ya K yenyewe. Thamani ya kitabu imekokotolewa kwa utendaji wa ayoni, si kwa ukolezo wake. Kwenye myeyusho wenye ayoni nyingi, kila ayoni imezungukwa na nyingine zenye chaji kinyume, na haitendi kama ambavyo ingetenda ikiwa peke yake. Kwa ukolezo wako, ukikadiria kwa mlinganyo wa Davies (fomula ya kukadiria athari hiyo), marekebisho hayo yanaishusha 4.6 × 10⁻⁵ hadi kama 1.2 × 10⁻⁵. Sehemu ya kalsiamu nayo haiko huru, imeshikana na haidroksidi moja kuwa CaOH⁺. Bureti inaihesabu haidroksidi hiyo kana kwamba iko huru, kwa sababu asidi inaichukua yote. Ukiliondoa na hilo, unasogea karibu zaidi na thamani ya kitabu.

Kwenye ripoti andika hivi: usomaji ungepaswa kuwa mL 5.39 ili kulingana na kitabu, kosa la ukubwa huo haliwezekani, kwa hiyo tofauti haitokani na titresheni. Kisha eleza utendaji wa ayoni.

---

NuruK

Asante sana mwalimu. Nimeirudia hesabu na nimepata 5.39 ileile. Sikuwahi kufikiria kuanza na jibu la kitabu na kurudi nyuma hadi kwenye bureti.

---

Chembe_Ndogo

Mimi natofautiana kidogo na mwelekeo wa uzi. Mnazungumza kana kwamba kila kosa ni jambo la kuchunguza. Si rahisi tu kurudia titresheni mara nyingi na kuchukua wastani? Makosa yatafutana.

---

Bureti50

Ndugu Chembe, yatafutana yale ya nasibu tu. Kusoma meniskasi (uso uliopinda wa kimiminika kwenye bureti) juu kidogo mara hii na chini kidogo mara nyingine, tone la mwisho kuwa kubwa au dogo, hayo kweli wastani unayapunguza. Lakini NaOH yenye nguvu ya 0.98 inabaki 0.98 hata ukirudia siku nzima. Bureti iliyosuuzwa kwa maji tu, bila kusuuzwa kwa myeyusho utakaoingia ndani yake, inaupunguza ukali mwanzoni mwa kazi. Chupa ya koni iliyosuuzwa kwa sampuli badala ya maji inabeba sampuli ya ziada kila mara. Usomaji unaolingana unathibitisha kwamba mkono umetulia. Hauthibitishi kwamba namba ni sahihi.

Kuna njia moja ya kutofautisha ninayoipenda kuliko zote, na inafaa kwa jaribio la esta hasa. Tengeneza chupa za aina mbili. Moja ianze na esta na maji, nyingine ianze na asidi na ethanoli, kwa kiasi ambacho msawazo wake utakuwa uleule. Zipime zote.

Ikiwa msawazo haujafikiwa, chupa iliyoanza na esta itakuwa na asidi pungufu, kwa hiyo K yake itakuwa kubwa mno. Iliyoanza na asidi itakuwa bado na asidi nyingi, K yake itakuwa ndogo mno. Ukweli uko katikati yao, na dawa ni kusubiri.

Ikiwa titresheni ndiyo yenye kosa, mathalani umepitiliza kikomo au NaOH ni dhaifu kuliko lebo, asidi itaonekana nyingi kwenye chupa zote mbili. K zote mbili zitashuka upande mmoja, hazitaachana. Kusubiri wiki nyingine hakutasaidia kitu.

Wastani wa chupa za upande mmoja usingekuonyesha hilo kamwe.

---

Fundi_Maabara

Hiyo ya pande mbili iandikwe ukutani kwenye kila maabara. Nimeona watu wanaacha chupa zikae wiki baada ya wiki wakidhani msawazo bado, kumbe NaOH ndiyo iliyochakaa.

---

Salha_S

Na kwa Ka ya asidi dhaifu (konstanti ya msawazo ya asidi kuachia ayoni za haidrojeni) je? Sisi tulifundishwa njia mbili: kupima pH ya asidi yenyewe pamoja na ukolezo wake kwa titresheni, au kuchora mchoro wa pH na kusoma pH kwenye nusu ya njia. Ipi inaogopa kosa la titresheni zaidi?

---

Bureti50

Kwa njia ya kwanza, Ka ni takriban [H⁺]² ÷ C, ambapo C ni ukolezo wa asidi. Titresheni inatoa C tu, nayo inaingia mara moja, kwa hiyo asilimia 1 inabaki asilimia 1. Hatari iko kwenye mita ya pH. Ikikosea kwa 0.02 tu, [H⁺] inahama karibu asilimia 5, na kwa kuwa imepandishwa kipeo cha pili, Ka inahama karibu asilimia 10. Anayetumia njia hii atumie muda wake kurekebisha mita kwa myeyusho wa bafa (wenye pH inayojulikana), si kubishana juu ya tone la mwisho.

Na tafadhali, msijaribu kuipata [H⁺] yenyewe kwa titresheni. Kuna wanaofanya hivyo. NaOH inapokula ayoni za haidrojeni zilizopo, asidi inaachia nyingine papo hapo, mpaka yote imekwisha. Bureti inakupa jumla ya asidi, iliyoachia na isiyoachia. Titresheni inafaa kupima kitu kilichomo kwenye msawazo pale tu ambapo mmenyuko wenyewe ni wa polepole kuliko mkono wako, kama ule wa esta. Msawazo wa haraka utakufuata kadiri unavyochota, na utapima jumla bila kukusudia.

Njia ya pili ni nzuri sana kwa mada yetu. Kwenye nusu ya ujazo wa ulinganifu (ujazo wa NaOH unaotosha kuila asidi yote), pH = pKa. Ukikosea ujazo wa ulinganifu kwa asilimia 1 juu, utasoma pH mahali ambapo asidi iliyodhoofishwa ni asilimia 50.5 badala ya 50. pH inazidi kwa 0.009 hivi, Ka inapungua kwa asilimia 2. Mchoro hapo umelala, kwa hiyo unasamehe. Ukichagua kusoma kwenye asilimia 90 ya njia na kurekebisha kwa hesabu, kosa lilelile la asilimia 1 linakupa pH iliyozidi kwa 0.045, na Ka inapotea kwa asilimia 10. Titresheni ileile na bureti ileile, ila mahali pa kusomea ndipo palipobadilika.

Halafu kumbukeni nililosema juu ya NaOH. Kwenye njia hii huhitaji kabisa kujua nguvu yake. Unahitaji ujazo na nusu ya ujazo, na nguvu inajifuta. NaOH ya 0.98 inayosomeka 1.00 haikudhuru hapa hata kidogo, wakati kwenye esta ilikula asilimia 8.

---

Chembe_Ndogo

Hapo umenishawishi. Sasa nauliza kwa upande mwingine: ikiwa K ni kubwa mno au ndogo mno, kuna tofauti?

---

Bureti50

Ipo, tena kubwa. Rudi kwenye fomula ya kwanza ya moli moja kwa moja, lakini tuseme K ni 400 badala ya 4. Msawazo utakuwa na 0.952 ya zao na 0.048 tu ya kilichobaki.

Ukipima kilichobaki kwa bureti na kukosea asilimia 1, K inahama asilimia 2 hivi. Ukipima zao, halafu ukatoa ili kupata kilichobaki, kosa la asilimia 1 linaifanya 0.952 kuwa 0.962, kilichobaki kinakuwa 0.038 badala ya 0.048, na K inaruka hadi karibu 640. Kwa hiyo pimeni kilicho kichache moja kwa moja, msikipate kwa kutoa namba mbili zinazokaribiana.

Ndiyo maana napenda pia jaribio la kalsiamu iodeti. Iodeti moja, ikikutana na iodaidi ya ziada kwenye asidi, inazaa iodini tatu, na iodini tatu zinakula thaiosalfeti sita. Sampuli ya mL 10.00 yenye iodeti ya 0.0235 mol/L inahitaji mL 14.1 za thaiosalfeti ya 0.100. Kama uwiano ungekuwa moja kwa moja, ingehitaji mL 2.35 tu, na matone mawili yangekuwa asilimia 4 ya usomaji, asilimia 13 ya Ksp. Kwa uwiano wa sita, matone hayohayo ni asilimia 0.7 ya usomaji na asilimia 2 ya Ksp. Ila wanga, kiashiria cha iodini, uwekwe mwishoni, myeyusho ukishakuwa wa manjano hafifu. Ukiuweka mapema unaishika iodini na kikomo kinachelewa. Na uwiano wa sita usisahaulike: anayegawanya kwa 2 badala ya 6 anapata ukolezo mara tatu na Ksp mara 27.

---

NuruK

Mwalimu, la mwisho kwangu. Kwenye mfano wa esta umeandika K = 4.00. Kikokotoo kinatoa tarakimu nyingi. Niandike ngapi?

---

Bureti50

Nuru, tarakimu zinaamuliwa na bureti, pipeti na NaOH yako, si kikokotoo. Tuzikokotoe kwa chupa ileile.

Usomaji wa chupa mbili, kila mmoja na mashaka ya mL 0.05. Tofauti yake ina mashaka ya kipeuo cha pili cha (0.05² + 0.05²), yaani 0.07. Hiyo inaihamisha K kwa 0.03. NaOH iliyosanifishwa kwa uhakika wa asilimia 0.5 inaihamisha kwa 0.08. Pipeti ya esta yenye mashaka ya mL 0.02 kwenye 5.00 inaihamisha kwa 0.04. Ukivijumlisha kwa vipeo vya pili na kuchukua kipeuo, unapata 0.09. Kwa hiyo andika 4.0 ± 0.1.

Tazama pia kipi kimetawala hapo. Si macho yako kwenye meniskasi, ni usanifishaji wa NaOH. Ukiwa na saa moja ya ziada maabara, usiitumie kurudia titresheni ya esta. Pima upya haidrojeni fthaleti ya potasiamu iliyokaushwa (asidi ya unga ya kusanifishia NaOH), isanifishe NaOH tena kwa fenolfthalini, na uache pipeti kama ilivyo.